Mlango wa Ndege Sikuugusa

Ninyi mliokwisha kusikia ya rafiki yangu, kwamba nilitaka kufungua mlango wa ndege angani: mlango sikuugusa. Nilisimama tu. Tangu lini kusimama ni kosa?

Tiketi yenyewe ndiyo iliyosema. Kutoka Lubumbashi 9:00, kufika Kinshasa 10:15. Hesabu naijua: saa moja na robo. Pale uwanja wa ndege wa Luano nilimwambia kila mtu kwenye foleni, hata wasioniuliza.

Tukaruka. Nikatazama saa mkononi: 10:15. (Mnaocheka mapema, ngojeni.) Taa ya mkanda ilikuwa imezimika zamani, nami nikaona hiyo ndiyo ruhusa. Nikavaa koti. Nikavaa kofia. Nikashusha furushi la samaki kavu wa Kasenga, harufu ikatangulia mbele hadi kwa wakubwa. Nikasimama katikati ya njia, furushi kifuani, uso mlangoni. Nikageuka: hakuna mwingine aliyesimama. Nikasema moyoni, maskini, hawa ndege hawajaizoea.

Mara akaja dada mhudumu na kigari chake cha juisi, tukakutana uso kwa uso.

"Papa, unaenda wapi?"

"Niko nashuka."

Akatazama dirishani. Nami nikatazama. Mawingu tu, tena chini yetu.

Hapo mama mmoja wa Kasai, kiti cha pembeni, akapaza sauti ya sokoni: "Uko unashuka hapa? Basi usalimie ndugu zangu wa Kananga!"

Ndege nzima, jamani. Hata mtoto aliyekuwa analia tangu Luano alinyamaza anitazame vizuri.

Dada akanieleza polepole, kama anayemlisha mgonjwa uji: ni kilomita karibu 1,570, zaidi ya saa mbili angani, na Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Ile 10:15 ni ya kule, si ya mkononi mwangu. Mimi sishindwi hoja. Nikauliza, sasa hapa juu tunafuata saa ya nani? Mama akadakia tena: "Kananga nayo ni saa ya Lubumbashi, papa. Kaa."

Nikakaa. Furushi nikalipakata mpaka mwisho, maana kuinuka tena kulirudisha juu sikuthubutu. Jirani yangu aligeuza pua dirishani safari yote.

Tulitua, nikapokelewa, nikala, hayo hayana habari. Ila saa za Kinshasa zilikuwa zinasema 10:15, kwa hiyo anayesema sijui kusoma tiketi ajipange upya.

Na ninyi mnaoniandikia "Papa Kananga" huko kwenye maoni, baba mkwe naye anasoma hapa. Tiketi ya kurudi imeandikwa kutoka 14:00, kufika 17:15. Rafiki yangu ameshaomba abadilishiwe kiti.