Mzee, Umekuja na Sampo?

Hivi nchi hii kimebaki kitu chochote mtu anaweza kununua bila kuulizwa sampo, yaani kile kibovu chako cha kufananishia? Niulizeni mimi niliyerudi Kariakoo sasa hivi, shati la kazini limegeuka tambara la gereji, na sauti imenikauka kwa kugombana na watu wenye umri wa wanangu.

Mimi nina Honda 90. Sisemi pikipiki yoyote tu halafu naiita Honda. Ni C90 yenyewe, ukoo wa Super Cub ulioanza Japani mwaka 1958, na kufikia 2017 ukoo huo ulikuwa umeshatimiza pikipiki milioni 100. Mtu mwenye ndugu milioni 100 duniani akiugua anategemea apatikane hata mmoja wa kumtolea damu. Yangu imeugua, na Dar es Salaam nzima ndugu hawapokei simu.

Niliachiwa na marehemu baba mdogo, bwana shamba wa enzi zile. Taa yake ni ya volti sita, yaani inakuonyesha tu kwamba taa ipo. Wenye busara walinishauri niipeleke kwa fundi. Fundi yupi? Huyu wa mtaani kwetu ukimpelekea pikipiki isiyowaka anakuuliza wewe, "Bosi, unahisi ni nini?" Ningekuwa nahisi ningekuja kwako? Nikaishusha injini mwenyewe, nyuma ya nyumba. Siyo injini ya meli hii. Silinda moja iliyolala, valvu mbili, gia tatu, klachi inajishika yenyewe. Nina elimu yangu, nina spana zangu.

Kilichoanza kunivunjia heshima ni skrubu za ubavuni. Ukizitazama ni nyota. Unachukua bisibisi ya nyota, unasukuma, unazungusha, bisibisi inaruka, na pale palipokuwa na nyota pamebaki kisima. Eti Wajapani wana nyota yao yenye mkato wake, na bisibisi zetu hizi za dukani ni za nyota ya Wamarekani. Mtu wa Mbagala nani wa kumwambia? Nyota haijaandikwa uraia.

Klipu ya pini ya pistoni yenyewe iliruka ikapotelea mchangani. Kuna kuku wa jirani namshuku, jirani anajua kwamba namshuku, na salamu zimepungua.

Mama Neema anataka beseni lake. Namwambia beseni lina valvu. Ananijibu, "Baba Neema, sare za watoto hazifuliwi kwenye valvu." Vijana wa kijiwe cha bodaboda nao wanapita jioni, "Shikamoo injinia," wanaanza kucheka kabla sijafika kwenye marahaba. Na hizo valvu, maelekezo ya kiwanda yanasema ziachiwe nafasi ya milimita 0.05. Mtaa mzima hakuna mwenye kitu cha milimita 0.05. Fundi mmoja kanishauri niache "ya kutosha".

Basi. Fundi wa mashine kule mtaa wa Gerezani kaipima bloku, ile nyumba ya pistoni, kasema imeliwa, inataka kuchongwa iende ovasaizi ya 0.50, yaani tundu lipanuliwe nusu milimita, ila haigusi mpaka aione pistoni mpya, kwa sababu bloku ndiyo huchongwa kuifuata pistoni. Huyo ndiye mtu pekee aliyesema neno la maana katika mkasa huu wote, na alilisema mdomo umejaa muhogo.

Nikaiacha bloku kwake, nikaingia Kariakoo.

"Shikamoo mzee. Umekuja na sampo?"

Nikamwambia yule kijana wa kaunta, mdogo wangu, mimi sina haja ya sampo, najua ninachokitaka: pistoni ya Honda C90, kipenyo milimita 50, ovasaizi nusu milimita, ringi zake tatu, pini yake, klipu zake mbili. Nilizitaja zile namba taratibu, kwa sauti ya mkaguzi. Akanitazama kwa huruma.

"Sawa mzee wangu. Lakini sampo unayo?"

Nikaitoa, ile pistoni yangu kuukuu. Sijamaliza kulifungua gazeti, mkono ukatokea kushoto kwangu ukaibeba. Winga, hawa madalali wa kukutafutia bidhaa duka hadi duka. Usiniulize alitokea wapi, mawinga wa Kariakoo hawatokei mahali, wapo tu. "Dakika mbili mzee, hii ipo," huyo, kaingia kwenye umati na pistoni yangu.

Nikabaki nimeshika gazeti.

Mtu aliyesimama kwenye duka la spea ameshika gazeti lenye oili hana cheo, kila mwenye mdomo anamfundisha. Wa kwanza, "Mzee, hilo li-Honda la nini? Chukua pikipiki ya Boxer." Wa pili, "Weka pistoni ya Boxer humohumo, zinaingiliana." Nikamuuliza, umeshawahi kuiona ikiingia? "Kuiona sijaiona, ila zinaingiliana." Kariakoo kila kitu kinaingiliana. Kabureta ya hii na ile, ringi za kompresa ya kujazia upepo na ringi za pikipiki. Ukienda na figo watakuletea ya trekta.

Halafu kulikuwa na mzee mwenzangu anasubiri cheni. Kusikia Honda 90, macho yakamlegea. Na yeye alikuwa nayo! Akaanza kunisimulia siku alivyoipanda kutoka Korogwe kuja Dar, mke wake wa kwanza nyuma na jogoo kwenye kapu. Alikuwa msimuliaji asiyeruka kijiji. Tulifika Segera, winga hajarudi. Tukapita Mkata, jogoo akatoroka, tukamkamata. Tulipokaribia Msata mke wa kwanza ameshanuna, na mimi nimeshaanza kuaga pistoni moyoni, ndipo winga akatokea na boksi.

Ni ya Boxer. "Itachongwa," anasema, anaondoka tena kabla sijafungua kinywa. Tukaendelea na safari. Chalinze mke wa kwanza akashuka akapanda basi.

Winga akarudi mara hii anatembea polepole, kitu kimefungwa nailoni, anakifunua kwa vidole viwili. "Mzee, una bahati. Hii ni orijino, Japani kabisa. Dukani hupati, nimeitoa kwa mtu. Nipe 45,000."

Kweli ilikuwa inang'aa. Juu yake herufi mbili, IN, zile zinazoelekezwa upande wa valvu ya kuingizia, zinasomeka vizuri. Nikaigeuza. Ubavuni kuna mkwaruzo mwembamba, unaanzia chini ya ringi ya tatu, unashuka wima, halafu unapinda kidogo kulikwepa tundu la pini.

Mkwaruzo ule naujua. Nimekaa nao usiku kucha kwa tochi ya simu, umeme umekatika.

"Kijana, hii pistoni ni yangu."

"Ndiyo mzee, ni yako. Wewe toa hela tu."

"Nasema ni yangu! Niliyokuja nayo!"

"Aah, ile yako ilikuwa nyeusi."

"Imeoshwa!"

"Sasa mzee, si ndiyo kazi yenyewe hiyo?"

Kijana wa kaunta akaingilia kwa upole, akasema kwa vile mimi ni mteja wao basi iwe 40,000. Mzee wa Korogwe akaomba aione, akavaa miwani, akaizungusha, akasema vitu hivi siku hizi havipatikani, angekuwa yeye angechukua. Na mdomo wangu, kwa mazoea tu ya Kariakoo, nikausikia unauliza, "Mwisho?"

Hapo uzee wa heshima ukaisha. Nilipiga kelele, jamani. Nilisema mimi nakatwa kodi kabla mshahara haujanisalimia, nanunua LUKU inayeyuka, nalipia maji ambayo bomba linapiga mluzi tu, ada ya Neema haijatimia, ninavumilia, sisemi kitu, sijawahi kumtukana mtu, lakini leo, LEO, nauziwa pistoni ya kwangu mwenyewe niliyokuja nayo kwenye gazeti! Watu wakajaa. Winga ndiye aliyeonekana kuumia zaidi. "Mzee unanidhalilisha mbele za watu," anasema, na waliojaa wakamwonea huruma yeye. Tukaamuliwa nilipe 3,000 ya petroli na usumbufu. Nililipa. Nikaomba risiti, ndipo wakacheka wote, mpaka mzee wa Korogwe.

Nikapitia bloku Gerezani, nikapanda daladala. Nimeipakata mapajani, siti za daladala mnazijua, goti moja langu jingine la abiria wa pembeni. Konda ananiambia mzigo unalipiwa. Mzigo gani? Umekaa siti ya nani? Anasema ukichafua abiria je? Dada wa pembeni naye anauliza hiyo ni mashine ya kusaga nini, nikamwambia inasaga mishahara. Kumpa konda noti, anasema chenji baadaye baba. Baadaye! Chenji ya daladala ni mkopo tunaowapa wenye magari bila riba wala karatasi, na ukiikumbushia unaonekana una njaa. Nikaikumbushia Azizi Ali. "Nakuja baba." Nikaikumbushia Mtongani. "Nimekusikia baba." Foleni imeshika, jua linanichoma shavu la upande wa dirisha lisilofungwa, nyuma kuna mtu anasikiliza mahubiri kwenye simu bila visikilizio. Kufika Rangi Tatu nasimama na bloku yangu, nadai hela yangu, kumbe konda kashukia Kizuiani, mlango kaupokea mwingine, na huyu mpya ananidai nauli.