Kati ya Watu 499 na 500: Barabara ya Kijijini India Ipimwe kwa Kipi?

Katika orodha ya vijiji ya sensa ya India ya 2011, kijiji kizima kimelazwa kwenye mstari mmoja: kaya ngapi, wanaume na wanawake wangapi, wanaojua kusoma wangapi, kisha safu ya usafiri. Pale basi lisipofika huandikwa herufi tu: a ikiwa huduma iko umbali wa chini ya kilomita 5, b ikiwa ni kati ya 5 na 10, c ikiwa ni mbali zaidi. Ndani ya c hiyo yumo mjamzito anayebebwa juu ya kitanda cha kamba katika tope la Julai.

Tangu Desemba 2000, serikali ya waziri mkuu Atal Bihari Vajpayee ilipozindua Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, mpango wa taifa wa kujenga barabara za vijijini, idadi ya watu ndiyo inayoamua nani atoke topeni. Kitongoji cha nchi tambarare kinastahili barabara inayopitika majira yote kikifikisha watu 500. Milimani, jangwani na katika maeneo ya makabila ya asili, 250. Wanaolalamika kwamba mzaliwa mmoja hawezi kuwa mpaka wa haki wana hoja, na mpaka huo ulichezewa: takwimu zilizowasilishwa kwenye mpango zilirundikana mno palepale penye kiwango. Hata hivyo, bila kiwango chochote barabara ingefuata nyumba ya mbunge, na sidhani kitongoji cha watu 499 kingefaidika na hilo.

Lawama nzito zaidi ni ya pili. Wanauchumi Sam Asher na Paul Novosad walitumia mpaka huohuo, kwa idadi za sensa yenyewe, kulinganisha vijiji vilivyouvuka kidogo na vilivyoukosa kidogo. Matokeo yao ya 2020 yalionyesha kwamba, takriban miaka minne baada ya barabara kujengwa, mavuno, kipato na mali za kaya havikuwa vimebadilika kwa kiasi kikubwa, na ajira za biashara za hapo kijijini ziliongezeka kidogo tu. Wapinzani wa matumizi haya wakasoma hapo kwamba fedha zimemwagwa mchangani.

Lakini utafiti huohuo ulikuta jambo jingine, ambalo hutajwa kwa haraka kana kwamba ni dosari: takriban asilimia 9 ya wafanyakazi wa kijiji waliacha kilimo wakaingia kwenye kazi za ujira. Tulitazame vizuri. Mtu mwenye kipande cha shamba kisichomtosha, ambaye zamani kupata kibarua kulimtaka ahamie mjini na kuonana na wanawe wakati wa sikukuu, sasa anaweza kupanda bajaji alfajiri, akabeba matofali mji wa jirani na kulala kwake. Huenda mwisho wa mwezi mfuko wake haujanenepa sana, ila amepata pa kukimbilia mvua zikikata, na uhuru huo hauonekani katika hesabu ya mali za kaya. Uchambuzi mwingine wa watafiti hao, wakiwa na Anjali Adukia, ulikuta kuwa watoto wa vijiji vilivyopata barabara walikaa shuleni muda mrefu zaidi na kufanya vizuri zaidi kwenye mitihani. Barabara iliyotarajiwa iivishe ngano imelaumiwa kwa kusafirisha watu, ambayo ndiyo kazi yake.

Nakubali kwamba lami peke yake haileti basi, wala haizalishi kazi pale mji wa jirani nao ukiwa maskini. Hilo linadai mabasi na viwanda. Halidai barabara zisijengwe.

Kinachonisumbua zaidi ni umri wa hesabu yenyewe. Awamu ya nne ya mpango huo wa barabara, iliyoidhinishwa Septemba 2024 kwa ajili ya vitongoji 25,000, inatumia sensa ya 2011, kwa kuwa ile ya 2021 iliahirishwa na sasa imepangwa kukamilika 2027. Kitongoji cha tambarare kilichohesabiwa watu 480 wakati ule, hata kama leo wamefika 600, kwenye daftari bado kina watu 480.