Uso Mkavu Barazani

Poka niliijua kwenye simu, na baada ya miezi mitatu nikajiona bingwa. Karata mbili zako, tano za mezani ni za wote, unachagua tano zilizo bora. Lakini siri yenyewe, nilisoma, ni uso: usionyeshe kitu. Kwenye simu hakuna anayekuona, lakini mimi nilikuwa nikiukaza hivyo hivyo, peke yangu kitandani. Siku moja niliwatisha watu kwa mbili na saba, mkono mbovu kuliko yote, wakakimbia. Chipsi zangu, yaani pesa za mchezo, zikafika milioni nne. Hazinunui hata kachori.

Basi Ijumaa moja, Unguja, baba mkwe akaniita barazani. Mwenziwe wa wahedusitini, mchezo wa karata, alikuwa mgonjwa.

"Unajua karata?"

"Baba, mimi nacheza poka!"

Wahedusitini ni wawili kwa wawili, mwenzio anakaa mkabala nawe. Pointi: dume (A) 11, seti (saba) 10, mzungu wa nne (K) 4, wa tatu (J) 3, wa pili (Q) 2. Zote 120; ukifika 61 umeshinda. Turufu, aina inayozishinda nyingine, siku hiyo shupaza.

Mkononi nilikuwa na dume la uru. Mwenye akili hulishusha mapema, wakati kila mtu angali na uru. Mimi nikalificha. Uso mkavu kama dagaa.

Baba mkwe akapepesa jicho la kushoto. Akakuna sikio. Akakohoa, akapepesa yote mawili. Nikamwonea huruma.

"Baba, umeingia mchanga? Nikuletee maji unawe?"

Baraza zima kimya. Hata muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe.

Kumbe mzee ana seti ya uru, anasubiri dume litangulie limsafishie njia! (Alikuwa akinikonyeza; barazani nani asiyekonyeza?)

Tukafika karata ya mwisho. Sisi 58, wao 41. Nikainuka nusu, nikalipiga dume mkekani: paa! Wa pili akatupa garasa, karata isiyo na pointi. Baba mkwe hana budi, akaiweka seti yake taratibu, kama anayezika. Wa nne, fundi cherehani, mpinzani wetu, akacheka kabla hata hajaitoa: nne ya shupaza. Akazoa 21 zote.

62 kwa 58.

Mzee akatafuta makubadhi yake, akavaa, akasimama.

"Hiyo poka yako, mwanangu, mwenzio humo nani?"

"Hakuna, baba. Kila mtu peke yake."

"Haya. Kacheze."