Msikilizaji, Uko Hewani!

Redio yetu ya jamii ina chumba kimoja na maiki mbili. Meneja ni mimi, mtangazaji wa zamu ya jioni ni mimi. Dhoruba ilipoingia nikasema leo ndipo watanijua.

Nikaanza kwa utaratibu: radi ikikaribia, chomoa kebo ya antena. Nikachomoa fasta, mtambo wa kurushia matangazo hata sijauzima. Papo hapo umeme ukakatika. Betri za akiba zikabeba vifaa, lakini taa hakuna, kwa hiyo nikang'oa betri za kile kiredio tunachojisikilizia, nikatia kwenye tochi. Nikavaa hedifoni, nikapandisha sauti ya maiki.

Jamani, nilitangaza! "Kaeni ndani. Msijikinge chini ya miti. Maji yakipita kwa kasi barabarani, usivuke. Hesabuni kuanzia mwanga hadi ngurumo: sekunde 3 ni kama kilomita 1. Na msiogope, mimi nimetulia kitini."

Kitini wapi! Nilikuwa chini ya meza, maiki nimeishusha kwa waya wake.

Baada ya saa nzima simu ikaita.

"Msikilizaji, uko hewani!"

"Sipo."

"Upo, ndugu yangu, karibu. Ila punguza redio yako, inaleta mwangwi."

"Redio yangu inakoroma shhh tangu saa kumi na mbili. Mimi sipo hewani. Na wewe hupo."

Hedifoni ndizo zilizoniponza. Zinachukua sauti kwenye mikisa, kile kifaa cha kuchanganyia sauti humu humu chumbani, haziipati hewani, kwa hiyo nilijisikia mwenyewe vizuri mno. Mtambo nao ulipokosa antena, nguvu iliurudia, ukajizima usije ukaungua. Una akili kunishinda.

Radi bado ilikuwa inapiga, ikabidi kungoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Fundi mitambo akafika ameloa chapachapa, akachomeka kebo, akawasha.

"Saa nzima ulikuwa unafanya nini?"

Nikamweleza bila kubakiza. "Nilikuwa chini ya meza. Pale nilipowaambia msiogope, nimekumbatia mguu wa meza namwita mama. Sasa hii habari ya kebo ibaki kati yetu wawili tu."

Simu ikaita. Yule yule.

"Bwana mtangazaji, sasa upo hewani. Tumekupata kuanzia pale pa meza."