Nyumba Yangu ya Magurudumu Manne

Kabla majirani hawajawasimulia yao, wacha niseme yangu. Lile gari la rangi ya maziwa linalosimama nje ya ploti yetu hapa Umoja, Nairobi, si matatu. Ni nyumba. Ina kitanda, ina pazia la maua, ina mtungi wa gesi wa kilo 6 na karai la kunawia ambalo maji yake huishia kwenye debe. Zamani lilikuwa matatu la viti 14, sikatai, na jua likiligonga ubavuni utaona ule mstari wa manjano ambao sheria za mwaka wa 2004 ziliamuru kila matatu iwe nao ukichungulia. Fundi aliapa kwamba akipaka rangi mara mbili utapotea. Mstari haukusikia.

Wazo nililipata kwenye simu. Kule Marekani mzee akistaafu ananunua basi lenye jiko na choo, anampakia bibi, wanazunguka nchi nzima kama konokono, leo kwa binamu, kesho kwa rafiki wa zamani. Mimi sijastaafu. Ila nakatwa na serikali asilimia 1.5 ya mshahara kila mwezi kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, nikaona heri nijitafutie ya kwangu ambayo naweza kuishika kwa mkono.

Gari nililipata Mombasa. Mimi na mke wangu, Mama Zawadi, tukashuka kwa treni, fundi akatukabidhi, tukaanza kurudi Nairobi, kilomita 480 hivi. Basi la abiria humaliza njia hiyo kwa usiku mmoja tu. Sisi tulipanga kulala njiani mara tatu, tukisalimia jamaa wote tuliowakimbia kwa miaka mingi. Na sababu yangu kubwa, nisiwafiche, ilikuwa usingizi. Ukienda kwa jamaa hulali. Unapewa kochi fupi kuliko wewe, mtoto wa watu anakupiga mateke hadi alfajiri, na saa kumi jogoo aliyefungiwa jikoni anaanza kuswalisha. Safari hii ningekula, ningeshukuru, ningevuta pazia langu la maua, basi.

Kituo cha kwanza, Mazeras kwa shangazi. Tumekula samaki wa kupaka, nikaaga kwamba naenda kupumzika garini.

"Mwanangu, nyumba yangu ina kunguni?"

"Hapana, shangazi."

"Basi ina nini hata ukalale barabarani kama utingo wa lori? Majirani watasema nimekufukuza."

Nikalala kwenye mkeka, chini ya feni iliyokuwa ikilia kama paka. Asubuhi akatupakia mihogo nusu gunia na nazi ishirini na mbili, tena bila kuzifunga.

Ndugu yangu, kama hujawahi kufunga breki ukiwa na nazi ishirini na mbili huru, wewe bado hujaendesha. Unakanyaga tu kidogo kwa sababu ya lori la mbele, na kule nyuma unasikia gudugudugudu. Zinashuka kitandani, zinapita chini ya kiti, moja inakuja kukaa kisiginoni pako, kando ya pedali, imetulia kama mgeni anayesubiri chai. Ukipanda mlima zinarudi zote nyuma. Kufika Maungu, Mama Zawadi alikuwa amegeuka golikipa, mwiko mkononi.

Voi kuna mwenzangu, tulikaa dawati moja sekondari. Huyu hakunikatalia kulala garini. Wanawe watano ndio walioingia wakafunga mlango kwa ndani. Baba yao akacheka mpaka machozi: "Waache bwana, hawajawahi kuona!" Nikalala kwenye kitanda cha watoto, na godoro lilikuwa na maji yasiyotoka kwenye bomba. Asubuhi akaleta kitanda cha chuma kilichofunguliwa vipande. "Ni cha mpwa wangu, yuko Pipeline, huko huko Nairobi. Ukifika tu, kijana atapita achukue."

Mimi nimeishi Nairobi miaka kumi na tisa na sijawahi kumwona huyo kijana anayepita kuchukua. Cherehani ya kijana mwingine iko chini ya meza yangu, sasa tunaiwekea televisheni.

Tsavo tulimwona ndovu, mwekundu kwa udongo kama wanavyosema. Alitutazama, akageuka. Aliona amebeba mzigo mdogo kuliko sisi.

Kibwezi ni kwa kina Mama Zawadi. Hapo nilikuwa na uhakika wa kulala, maana mimi ni Mluhya, na kwetu mkwe halali nyumba moja na mama mkwe, hata awe anakufa. Nyumba ninayo, iko nje, nani atanizuia? Saa nne usiku nikachukua tochi, nikafungua mlango. Ndani kulikuwa na mtu kitandani, amejifunika shuka langu gubigubi. Mama mkwe. Alisikia tunaondoka alfajiri na yeye anataka kuja Nairobi kuona wajukuu, kwa hiyo aliingia mapema tusije tukamwacha.

Sikusema neno. Nikafunga polepole, nikalala chini ya mwembe na mbwa. Na elewa kilichonipata: kitanda alicholalia mama mkwe mimi siwezi kukikalia tena. Nimejenga nyumba, na chumba cha kulala ni mwiko.

Makindu tulisimama kwenye hekalu la Masingasinga. Lipo tangu 1926, na msafiri yeyote hulishwa bure, ilmradi afunike kichwa. Nikajifunga leso ya Mama Zawadi, nikala chapati na dengu. Wana hata vyumba vya wasafiri, vitanda safi. Nikamtazama mke wangu.

"Baba Zawadi, tuna nyumba. Tulale kwa watu kwa nini?"

Karibu na Emali afande alitusimamisha. "Hii ni matatu?"

"Ni nyumba, afande."

Akachungulia: mama mkwe, kuku watatu wamefungwa kwenye mtungi wa gesi, vyuma vya kitanda, nazi. "Wapangaji wote hawa wamelipa?" Akatuachilia bila hata kuomba leseni.

Mlolongo tukaingia barabara ya chini, maana ya juu ni ya kulipia, na foleni ikatubana. Mara mlango ukavutwa. Mama mmoja mwenye kiroba cha sukumawiki akaweka mguu ndani. Alikuwa ameuona ule mstari wa manjano.

"Kufika Cabanas ngapi?"

Nikafungua mdomo nimweleze kwamba hii ni makazi ya watu. Lakini sauti ilitoka nyuma, kitandani, na mama mkwe hajibishwi.

"Hamsini. Ingia haraka, sogeza nazi."