"Shangazi, njoo, lakini usimwambie Baba"

Ilikuwa saa saba za usiku, mwezi wa Disemba, wiki chache baada ya watahiniwa wa kidato cha nne kumaliza mitihani yao, simu yangu ilipolia na sauti ya mvulana nisiyemjua ikaniambia maneno hayo. Nilichukua tuktuk hadi ufuoni Silversands, nikamkuta mwana wa kakangu, mwenye miaka 16, amelala chali mchangani, shati limeloa maji ya bahari aliyomwagiwa na wenzake ili azinduke, matapishi yamemkaukia shavuni. Kando yake palikuwa na chupa ya soda ya lita mbili ambayo harufu yake haikuwa ya soda. Vijana wale walikuwa wamebishana kwa dakika 40 kuhusu nani apigiwe simu.

Dakika hizo 40 ndizo zinazonikosesha usingizi kuliko pombe yenyewe. Kakangu ni mtu mwema, ila alikwisha kuapa mbele ya wanawe kwamba atakayerudi ananuka kilevi hatavuka kizingiti chake, na kiapo hicho marafiki wote wa kijana walikijua. Hapa Malindi wengi wetu tumelelewa kwamba pombe ni haramu, nami nashikilia hivyo hivyo bila kupunguza neno. Lakini tumeigeuza haramu hiyo kuwa sababu ya kutozungumza na watoto, na mtoto asiyezungumzishwa hujifunza kutoka kwa mwenzake asiyejua zaidi yake.

Wale wavulana, kwa mfano, walitaka kumwacha "alale, itamtoka." Hawakujua kwamba pombe iliyomo tumboni huendelea kuingia katika damu hata baada ya mtu kuacha kunywa, kwa hiyo aliyelala anaweza kuwa katika hali mbaya zaidi baada ya nusu saa, na kwamba anayelala chali anaweza kupaliwa na matapishi yake akafa. Mlevi aliyezimia hulazwa ubavu, hakai peke yake, hapewi kahawa, halazimishwi kutapika wala hamwagiwi maji, kwani mwili wake tayari unapoteza joto. Akipumua chini ya mara 8 kwa dakika, au pumzi moja ikikawia sekunde 10 kabla ya nyingine, midomo ikibadilika rangi, au akifinywa asishtuke, hapo hakuna mjadala tena, ni hospitali. Ndani ya tuktuk nilimlaza kichwa mapajani mwangu, uso umeelekea pembeni, nikawa nahesabu. Hospitalini muuguzi alianza kwa kupima sukari ya damu, kwa sababu pombe huishusha, hasa kwa mtoto ambaye hajala.

Wapo wazazi wa upande wa pili, wanaosema afadhali wanywe nyumbani huku wakionekana. Sikubaliani nao. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia au kumpa kilevi aliye chini ya miaka 18, na anayefungulia chupa watoto wa wenzake amejitwika dhamana ambayo hakupewa na mtu. Wengine hudharau mnazi kwa kuwa ni wa nyumbani, wakati wanajua wenyewe kwamba uliogemwa asubuhi ukiwa mtamu huwa mkali ifikapo jioni, na kijana huupima kwa utamu. Ama pombe za magendo zenye methanoli, hizo hupofusha na kuua, na dalili huweza kuchelewa hadi siku ya pili. Kijana anayeamka akilalamika kwamba haoni vizuri asipewe dawa ya kichwa akarudishwa kulala.

Disko matanga, yaani dansi za usiku kwenye matanga, zimepigwa marufuku katika Kaunti ya Kilifi, nami naunga mkono, ila marufuku haimsaidii mzazi ambaye bintiye amealikwa sherehe ya kuzaliwa huko Watamu. Huyo anapaswa kuuliza ni nyumba ya nani, ni mtu mzima gani atakayekuwapo mpaka mwisho akiwa na akili zake, na ni nani atakayemrudisha, badala ya kumwachia bodaboda wa usiku ambaye pengine naye amekunywa. Kisha amwambie wazi: nipigie saa yoyote, nitakuja, na maneno tutayasema kesho baada ya chai. Najua wako watakaosema kwamba huko ni kuhalalisha. Mimi naona maneno ya kesho ni makali vya kutosha, mradi anayeambiwa awe hai kuyasikia.

Baada ya sala ya alfajiri nilimpigia kakangu. Alifika hospitalini na kanzu yake ya msikitini, akasimama mlangoni mwa wodi, na baada ya kimya kirefu aliniuliza jambo moja tu: mbona hakunipigia mimi? Nilimvutia kiti karibu na kitanda, nikamwambia angoje kijana aamke amuulize mwenyewe.