Malori ya jeshi na daftari la kijiji

Ukitaka mabishano barazani Newala au Tandahimba, wilaya za korosho mkoani Mtwara, uliza swali moja tu: yale malori ya jeshi ya msimu wa 2018 yalitusaidia au yalituumiza? Kuna wazee watakaokujibu hata kabla hujamaliza kwamba ule ndio ulikuwa uongozi, na kwamba hakuna aliyewahi kumtetea mkulima wa korosho kwa kiwango kile. Kuna wengine, wenye mashamba yanayopakana na ya wazee hao, watakaokuhesabia miezi waliyosubiri pesa, ada za shule walizokopa, na mikorosho waliyoshindwa kuipalilia kwa kukosa cha kuwalipa vibarua. Wote wanasema kweli.

Kwa asiyekumbuka: msimu ule wanunuzi walikuja mnadani na bei zisizofika shilingi 3,000 kwa kilo, ilhali msimu uliotangulia bei ilikuwa imevuka 4,000. Wakulima wakagoma kuuza. Novemba, Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Kisha ukaja uhakiki: shamba lako liko wapi, lina ekari ngapi, mikorosho mingapi. Nia ilikuwa kuwanasa kangomba, wanaonunua korosho za mkulima kwa bei ya kutupa katika miezi ya njaa, kabla hata hazijaanguka. Kangomba walibanwa, lakini mkulima wa haki naye akakaa kwenye foleni ileile. Januari 2019 ukasainiwa mkataba wa kuiuzia kampuni moja ya Kenya tani 100,000. Miezi michache baadaye ukavunjwa, na korosho zikabaki zimelala ghalani.

Nimeanzia hapa kwa sababu mijadala ya uongozi bora Afrika mara nyingi huishia kwenye majina ya marais: nani shupavu, nani dhaifu, nani mwizi. Ukiitazama Afrika kutokea kwenye ghala la chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima kijijini, swali linabadilika. Kiongozi akifanya jambo, hesabu yake inasomwa kwa nani? Inapanda kwenda kwa mkubwa wake, au inashuka kwa watu watakaobaki na jambo hilo yeye akishaondoka?

Upande wa mkono wenye nguvu, yaani dola inayoamua kutoka juu, unastahili kusikilizwa kwa makini, hasa na sisi tunaopenda kusifu ushirikishwaji. Chama cha msingi hakina lori wala meli. Mwenyekiti wake hawezi kumpigia simu mnunuzi wa India au Vietnam akamwambia bei hii haikubaliki. Gati jipya la bandari ya Mtwara halikujengwa kwa michango ya wanakijiji. Hata mfumo wa stakabadhi ghalani, ambamo mkulima huweka korosho ghalani, hupewa stakabadhi na kulipwa baada ya mnada, na ambao leo wengi tunaulinda, haukuzaliwa chini ya mwembe. Ulishuka kutoka juu msimu wa 2007/2008, ukaanzia huku Mtwara, na wafanyabiashara waliupinga kwa nguvu. Kama ungepigiwa kura kijiji kwa kijiji mwaka ule, naamini vijiji vingi vingeukataa, kwa sababu mnunuzi wa mlangoni alikuwa analipa taslimu na mfumo mpya ulikuwa unamwambia mkulima angoje. Ugonjwa wa ubwiriunga ulipokuwa unaua maua ya mikorosho, ujuzi wa kuudhibiti kwa salfa na kuzalisha miche bora ulitokana na watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, waajiriwa wa Serikali. Na pembejeo za ruzuku za miaka ya karibuni zimechangia kufikisha uzalishaji wa nchi zaidi ya tani 500,000 katika msimu wa 2024/2025. Huwezi kuyaweka haya yote pembeni ukasema maendeleo huanzia kijijini tu.

Lakini Kusini mwa Tanzania kuna kumbukumbu ndefu ya mkono huo ukikosea, na gharama ya kosa ikibaki kwa mwenyeji.

Mwaka 1947 Waingereza waliamua kwamba Nachingwea, pamoja na Kongwa na Urambo, italisha Uingereza mafuta ya karanga. Wakaleta matrekta, wakajenga reli kutoka Mtwara na bandari ya kina kirefu. Mwaka 1951 mradi ukatupwa, na mamilioni ya pauni yakafutwa kwenye vitabu. Reli iling'olewa miaka ya 1960. Waliokuwa wakilima maeneo yale walijua mvua zake na udongo wake, ila hakuna aliyewauliza.

Tungedhani hilo ni kosa la mkoloni. Likarudi kwa sura nyingine, na safari hii kutoka kwa kiongozi tuliyempenda, Mwalimu Nyerere. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ilitaka kutukusanya ili tupate shule, zahanati na maji karibu. Nia hiyo siidharau, maana kizazi kizima cha Kusini kilijua kusoma kwa sababu yake. Ila mkorosho hauhami. Familia iliyohamishiwa kando ya barabara iliacha mikorosho kilomita kadhaa nyuma, na mkorosho usiopaliliwa huzaa kichaka, kichaka hualika moto. Ongeza bei ndogo aliyolipwa mkulima na ubwiriunga ulioingia wakati huohuo. Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho msimu wa 1973/1974. Msimu wa 1986/1987 haikufika 20,000. Wakati huohuo vilikuwa vikijengwa viwanda vikubwa vya kubangua, kwa mikopo ya nje, kwa ajili ya korosho ambazo hazikuwepo tena. Vingi vilisimama, na baadhi vikageuka maghala.

Shuleni tulikaririshwa maneno ya Azimio la Arusha la 1967: ili tuendelee tunahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Uzito wa mpangilio ule nimeuona ukubwani. Watu wametajwa kwanza, uongozi bora umetajwa mwisho. Kwenye utekelezaji, hapa kwetu, mpangilio uligeuzwa.

Halafu ukaja mwaka 2013, mwaka ambao wa Kusini hatupaswi kuusahau. Aprili, Liwale: wakulima waliosubiri malipo ya pili ya korosho walipata pungufu ya walichotarajia, na nyumba za viongozi zikachomwa moto. Mei, Mtwara: siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni na ikawa wazi kwamba bomba la gesi kwenda Dar es Salaam linajengwa, mji uliwaka. Watu walipoteza maisha. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alikuwa amekuja Januari kuzungumza na wananchi, lakini amekuja baada ya uamuzi kufanyika na vurugu za kwanza kutokea.

Kuna hoja nzito inayotetea lile bomba. Gesi ni mali ya taifa zima, umeme wa nchi ulikuwa taabani, na ukianza kusema kila mkoa ule cha kwake, Mtwara ingekula nini miaka yote iliyotumia kodi za mikoa mingine? Hoja hii naikubali. Nisichokubali ni kwamba haikuletwa kwetu mapema, kwa lugha ya kawaida, pamoja na hesabu yake: halmashauri itapata nini, kijana wa Msimbati, inakochimbwa gesi, atafundishwa ufundi gani, lini. Leo halmashauri zenye gesi hupata ushuru wa huduma unaotokana na mauzo. Mkazi wa Madimba au Songo Songo anapaswa kusomewa mkutanoni kiasi kilichoingia na kilipokwenda, kama anavyosomewa michango ya ujenzi wa choo cha shule.

Tugeukie upande wa pili, wa kijiji kujiongoza. Mfano wetu bora uko Kilwa. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003, malori yalianza kupita usiku na mchana na magogo ya misitu yetu. Daraja lilikuwa baraka, sote tulilisubiri. Ila vijiji vyenye misitu viliambulia senti. Sheria ya Misitu ya 2002 ilikuwa tayari inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kuusimamia na kubaki na mapato. Vijiji vichache, vikisaidiwa na shirika lililowafundisha kupima miti na kutafuta soko, vikaitumia. Mwaka 2009 Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Vijiji vingine vya Kilwa vikafuata, na fedha za mpingo zikajenga madarasa na nyumba za watumishi.

Kinachonivutia zaidi ni kilichotangulia madarasa hayo: mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, ukiamua wakate miti mingapi na fedha ziende wapi. Mpingo unachukua miongo mingi kukomaa. Anayeuvuna leo anajua mwanawe ndiye atakayeuliza kesho mbona msitu mtupu.

Hata hivyo tusijidanganye kuhusu kijiji. Nimekaa kwenye mikutano ambako mapato na matumizi yalisomwa kwa kasi ya mtu anayekimbia mvua, makato ya korosho yakatajwa kwa vifupisho visivyoeleweka, na aliyeuliza akaambiwa analeta siasa. Nimeona mkutano ukiitishwa katikati ya msimu wa kuokota, wakati wanawake, ambao ndio waokotaji, wako mashambani. Kamati ya watu saba wenye undugu inaweza kumla mkulima kuliko kangomba. Na kuna mambo ambayo ushirikishwaji peke yake hauyawezi. Wafinlandi walileta pampu za mkono katika vijiji vingi vya Mtwara na Lindi tangu miaka ya 1970. Zilipoharibika, vijiji vingi havikuwa na fundi, kipuri wala mfuko, na hamasa ya mkutano haizalishi kipuri. Hata Kikole na Kisangi hazikufika zilipofika bila mkono wa nje.

Watu hupenda kutolea mifano ya mbali. Rwanda ina imihigo: tangu 2006 mameya wa wilaya husaini ahadi za kazi mbele ya rais na kupimwa kwazo. Kazi inaonekana, na asiyetimiza hujulikana. Botswana ina kgotla, baraza ambamo chifu hukaa na watu wake na kila mtu mzima anaweza kusema. Chini ya Seretse Khama madini yaliwekwa mikononi mwa taifa mwaka 1967, mwaka uleule almasi ilipogunduliwa Orapa, kwa makubaliano na makabila. Njia zote mbili zimezaa matunda. Tofauti ni hesabu inaelekea wapi: imihigo inapanda, kgotla inashuka.

Nikilazimishwa kuchagua, nachagua ile inayoshuka, kwa sababu ambayo Kusini imeilipia. Kiongozi wa juu akikosea, yeye huhamishwa, hustaafu, au hufariki akiheshimiwa. Mkulima hubaki na mkorosho uleule. Kwa hiyo anayebaki na hasara ndiye anayepaswa kuwa na haki ya kuuliza kabla. Lakini sitaki kijiji kiachwe peke yake kwa jina la kujitegemea. Nataka dola yenye nguvu ya kumzuia mnunuzi anayekula njama na kupeleka salfa kabla ya maua, na nataka dola hiyohiyo ikija kijijini iwe na daftari mkononi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Uamuzi wa 2018 ulikuwa na huruma ndani yake, naamini hivyo. Ulikosa daftari: nani atanunua, lini tutalipwa, hasara ikitokea ni ya nani. Mwaka huohuo Bunge lilikuwa limebadili sheria ili ushuru wote wa korosho ghafi zinazouzwa nje uende Mfuko Mkuu wa Serikali, baada ya sehemu kubwa yake kuwa inarudi kuendeleza zao. Wabunge wa Kusini walipiga kelele sana. Wenye mikorosho hawakuulizwa.

Sasa kongani ya viwanda vya korosho, yaani eneo moja la viwanda vingi, inajengwa Maranje, wilayani Mtwara, na sina budi kukiri moyo wangu unafurahi. Kusafirisha korosho ghafi na kuacha ajira za kubangua ziende ng'ambo ni maumivu ya miaka mingi. Lakini viwanda vya miaka ya 1970 navyo vilishangiliwa. Ningetamani kabla mashine hazijawashwa mtu asimame Tandahimba, Newala, Nanyamba, na Mtama pia, mwezi ambao si wa kuokota, aeleze korosho za Maranje zitanunuliwa kwa bei ya mnada au kwa bei nyingine. Wanawake wanaobangua kwa mikono majumbani, vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda, waambiwe kama wana nafasi mle ndani au soko lao ndilo linachukuliwa. Na vyama vikuu vya ushirika viseme waziwazi kama vina hisa, kiasi gani, na nani aliyesaini.